Kagemusha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu ya Vita ya Akira Kurosawa

Maswali haya huulizwa na watu walioiona filamu hii mara moja wakabaki na utata, na vilevile na wale wanaotaka kujiandaa kabla ya kuitazama. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika. Majibu yanafichua kisa chote, pamoja na mwisho wake.

## Mambo ya msingi

1. Kagemusha ni filamu ya nini, na jina lake lina maana gani?

Ni filamu ya Kijapani iliyoongozwa na Akira Kurosawa na kutolewa mwaka 1980. Neno lenyewe limeundwa na maneno mawili: *kage*, yaani kivuli, na *musha*, yaani mpiganaji. Huyo ni mtu anayefanana na mtawala kiasi cha kuweza kukaa mahali pake ili maadui, na wakati mwingine hata watu wake mwenyewe, wasijue mtawala yuko wapi.

Kisa kinamhusu mwizi mdogo aliyekuwa anangoja kusulubiwa. Nobukado, mdogo wake mtawala Takeda Shingen, anamwokoa kwa sababu ya sura yake. Shingen anapofariki, mwizi huyo analazimika kuwa Shingen mbele ya jeshi, mbele ya masuria na mbele ya mjukuu aliyekuwa akipakatwa na babu yake.

2. Je, ni kisa cha kweli?

Vita, watawala, ngome na miaka ni vya kweli. Mwizi ni wa kubuniwa. Hata hivyo ubuni huo haukutoka hewani, kwa kuwa Nobukado wa historia alifanana sana na kaka yake, na masimulizi ya zamani yanamtaja kuwa aliwahi kujifanya Shingen. Kurosawa alichukua habari hiyo akaisogeza hatua moja: je, kama kivuli asingekuwa ndugu wa damu bali mtu asiye na chochote, hata jina?

3. Nawachanganya wahusika. Nani ni nani?

Takeda Shingen (1521–1573) ni mtawala wa Kai, eneo ambalo leo ni mkoa wa Yamanashi. Katsuyori ni mwanawe, anayeumia kwa sababu urithi haukuwekwa mikononi mwake bali kwa mtoto wake mdogo. Nobukado ni mdogo wake Shingen, na ndiye anayemfundisha mwizi kazi. Upande wa pili wako maadui wawili walioungana: Oda Nobunaga, kijana mkali anayependa vitu vya Wareno, na Tokugawa Ieyasu, mtulivu zaidi, ambaye baadaye katika historia ndiye aliyeanzisha utawala uliodumu zaidi ya miaka 250.

Njia rahisi ya kuwatambua ni nembo. Popote unapoona almasi nne zilizopangwa pamoja, hao ni watu wa Takeda.

4. Filamu ina urefu gani, na kwa nini kuna matoleo mawili?

Toleo la Japani lina takriban dakika 180, na lile lililosambazwa nje ya Japani mwaka 1980 lilipunguzwa hadi takriban dakika 162. Miongoni mwa yaliyokatwa ni sehemu ya Takashi Shimura, mwigizaji mkongwe aliyefanya kazi na Kurosawa tangu filamu yake ya kwanza. Hii ndiyo iliyokuwa mara yao ya mwisho kufanya kazi pamoja, na kwa sababu hiyo tu toleo refu linastahili kutafutwa. Ukipata la dakika 162, kisa hakitakupotea, lakini utakuwa umekosa mwendo wa polepole ambao Kurosawa aliukusudia.

5. Je, ninaweza kuifuata bila kujua historia ya Japani?

Ndiyo, kwa sharti moja: usiitazame ukifanya kazi nyingine. Mazungumzo ni ya Kijapani na maneno yaliyoandikwa chini ya picha hupita haraka katika vikao vya majemadari. Aliyezoea kutazama filamu katika kibanda cha video, ambako mtafsiri hueleza kila tukio kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake, atauona ukimya wa filamu hii kuwa mzito mwanzoni. Dakika ishirini zikipita, macho huzoea. Ukisoma jibu la 3 na la 6 kabla ya kuanza, yatakutosha.

## Historia iliyo nyuma ya filamu

6. Ni kweli kwamba kifo cha Shingen kilifichwa kwa miaka mitatu?

Kwa mujibu wa kumbukumbu za ukoo wa Takeda, Shingen aliagiza kifo chake kifichwe kwa miaka mitatu. Alifariki mwaka 1573 akiwa njiani kurudi Kai, miezi michache baada ya kumshinda Ieyasu vibaya katika uwanda wa Mikatagahara. Siri ilitunzwa, ingawa fununu zilianza kuvuja mapema, na filamu inalionyesha jambo hilo kupitia wapelelezi watatu wanaofuatilia kila dalili.

Kuhusu namna alivyokufa, zipo kauli mbili. Wanahistoria wengi wanasema aliugua. Masimulizi ya wenyeji yanasema alipigwa risasi usiku wakati wa kuizingira ngome ya Noda, alipokwenda kusikiliza filimbi iliyokuwa ikipigwa ndani ya ngome hiyo. Kurosawa alichagua kauli ya pili, na alichagua vizuri. Askari wa pande zote mbili wanyamaza kusikiliza muziki mmoja, kisha mlio mmoja wa bunduki unabadilisha hatima ya nchi.

7. Maneno yaliyo kwenye bendera ya Takeda yana maana gani?

Ni maneno ya Sun Tzu, mwanafikra wa vita wa China ya kale: mwepesi kama upepo, mtulivu kama msitu, mkali kama moto, imara kama mlima. Katika filamu maneno hayo yamegawanywa kwa vikosi, hata upepo, msitu na moto vikawa majina ya makundi ya jeshi, na mlima ni Shingen mwenyewe. Anapokaa juu ya kilima nyuma ya jeshi lake, wapiganaji hupata moyo kwa kujua kwamba mlima hausogei. Ndiyo maana wosia wake kwa majemadari ni kukaa ndani ya mipaka yao, wasiende kutafuta vita. Msiba wote wa filamu unatokana na mtu mmoja kuusogeza mlima.

8. Bunduki zilifikaje Japani wakati wa mikuki na panga?

Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543 wakiwa na bunduki za utambi, ndugu wa gobori tunalolijua sisi. Mtawala wa kisiwa alinunua mbili, akawaagiza wahunzi wake wazichunguze na kuziiga, na baada ya muda miji kama Sakai na Kunitomo ikawa vituo vikubwa vya kuzitengeneza. Kufikia miaka ya 1570 bunduki haikuwa tena kitu cha ajabu. Kilichomtofautisha Nobunaga na wengine ni wingi wa bunduki zake na nidhamu ya kuzitumia.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hapa pana jambo la kukumbuka. Njia ya bahari iliyowafikisha Wareno Japani ilipita kwetu: walizunguka Afrika, wakatia nanga Msumbiji, wakaenda Goa, kisha Malaka na kuendelea mashariki. Ni Wareno haohao walioshambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Nobunaga anapoonekana akinywa divai na kuagwa na mapadri, ukumbuke kwamba tunaona ncha ya pili ya safari ambayo mwanzo wake wahenga wetu waliushuhudia wenyewe.

9. Vita vya Nagashino vilikuwaje hasa, na filamu imebadilisha nini?

Mwaka 1575 Katsuyori aliizingira ngome ya Nagashino. Nobunaga na Ieyasu walikuja kuiokoa wakiwa na watu wapatao 38,000, dhidi ya takriban 15,000 wa Takeda. Walijenga uzio wa miti nyuma ya kijito, wakaweka wapiga bunduki nyuma yake, na kumwachia Katsuyori uamuzi wa kushambulia. Akashambulia. Majemadari wakongwe waliomtumikia baba yake, akina Yamagata Masakage, Baba Nobuharu na Naito Masatoyo, waliuawa siku hiyo.

Husimuliwa kwamba wapiga bunduki hao walikuwa na bunduki 3,000. Idadi hiyo ni ya kimapokeo, na wanahistoria wa leo wanaibishia, kama wanavyoubishia mpango wa safu tatu zinazopokezana kufyatua. Filamu inafuata mapokeo. Pia inafanya ionekane kana kwamba ukoo mzima ulikwisha pale pale uwanjani, ilhali Katsuyori wa historia alitoroka na kuendelea kutawala hadi mwaka 1582, alipozidiwa kabisa na kujiua. Mimi siulaumu ufupisho huo, kwa sababu nguvu ya ukoo ilivunjika Nagashino. Miaka saba iliyofuata ilikuwa ya kulipa deni.

10. Je, Yasuke, Mwafrika aliyemtumikia Nobunaga, anahusika na kisa hiki?

Kwa mpangilio wa miaka, hapana. Yasuke alifika Japani mwaka 1579 pamoja na padri Mjesuiti Alessandro Valignano, akapelekwa mbele ya Nobunaga mwaka 1581, na akawa naye hadi kifo cha Nobunaga mwaka 1582. Kisa cha filamu kinaishia mwaka 1575. Swali hili huulizwa sana kwa kuwa mwandishi mmoja Mjesuiti wa Ufaransa wa karne ya 17 aliandika kwamba Yasuke alitoka Msumbiji, na njia aliyopitia ni ileile iliyoelezwa katika jibu la 8.

## Utengenezaji wa filamu

11. Kwa nini Kurosawa, mwenye jina kubwa kiasi hicho, alikosa fedha za kuitengeneza?

Kwa sababu jina kubwa halijazi sanduku la kampuni. Baada ya mwaka 1965 mambo yalimwendea kombo. Kampuni ya Marekani ya 20th Century Fox ilimwondoa katika filamu ya shambulio la Pearl Harbor aliyokuwa ameanza kuipiga picha. Filamu yake ya mwaka 1970, ya kwanza kwake ya rangi, haikuingiza fedha. Wenye fedha wa Japani wakamwona mzee mgumu, mwenye gharama kubwa na aliyepitwa na wakati. Filamu yake iliyofuata, *Dersu Uzala* ya mwaka 1975, aliipiga Muungano wa Kisovieti, na ingawa ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, bado milango ya nyumbani ilikuwa imefungwa.

Filamu ya vita vya samurai inahitaji mamia ya farasi, maelfu ya deraya na mikuki, na watu wa kuvivaa. Kampuni ya Toho ilikuwa tayari kutoa sehemu ya gharama tu. Jinsi pengo lilivyozibwa imeelezwa katika jibu la 13.

12. Ni kweli alichora filamu nzima kabla ya kuipiga picha?

Alichora mamia ya picha za rangi. Kurosawa alikuwa amejifunza uchoraji ujanani, na kwa kuwa alihofu kwamba filamu isingetengenezwa kamwe, aliamua walau aiache kwenye karatasi. Alichora deraya, bendera, nyuso na mawingu. Fedha zilipopatikana, michoro hiyo ikawa mwongozo wa mafundi wa maleba, wa mandhari na wa kamera.

Ukitaka kuona mkono wa mchoraji ndani ya filamu, tazama ndoto ya kivuli. Anga imepakwa rangi kama turubai, mawingu ni mekundu na ya manjano, na Shingen anatoka katika mtungi aliozikiwa na kumfuata mwizi kwa hatua nzito. Mwizi anakimbia, kisha anageuka kumtafuta yule aliyekuwa akimkimbia. Hakuna neno linalosemwa. Hofu ya mtu aliyevaa maisha ya mwingine imo yote katika miguu ya Tatsuya Nakadai inayochapua maji yenye rangi.

13. George Lucas na Francis Ford Coppola walihusikaje?

Wote wawili walijifunza mengi kwa kazi za Kurosawa, na Lucas amekiri wazi kwamba *Star Wars* inadaiwa na filamu ya Kurosawa ya mwaka 1958, *The Hidden Fortress*. Mafanikio ya *Star Wars* ya mwaka 1977 yalimpa Lucas sauti ndani ya 20th Century Fox. Aliitumia sauti hiyo kuishawishi kampuni inunue haki za kusambaza *Kagemusha* nje ya Japani kabla haijatengenezwa, na fedha hizo zikakamilisha bajeti ya Toho. Lucas na Coppola wanatajwa kuwa watayarishaji wa toleo la kimataifa.

Kampuni iliyomwondoa Kurosawa mwishoni mwa miaka ya 1960 ndiyo iliyomrudisha kazini miaka kumi baadaye, kwa shinikizo la mwanafunzi wake wa mbali. Wakati wa kazi hiyo Kurosawa na Coppola walitokea pamoja hata katika matangazo ya wiski ya Suntory.

14. Kwa nini mwigizaji mkuu alibadilishwa?

Nafasi ya Shingen na ya kivuli chake ilikuwa ya Shintaro Katsu, nyota aliyependwa sana Japani kwa kuigiza mpiganaji kipofu Zatoichi. Mwanzoni kabisa mwa upigaji picha, mwaka 1979, Katsu alifika na watu wa kumrekodi kwa video ili ajitazame anavyoigiza. Kurosawa alikataa, kwa kuwa katika seti yake hakutaka kamera isiyokuwa yake. Wakakorofishana na Katsu akaondoka.

Nakadai aliitwa kuchukua nafasi hiyo. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba Katsu angeleta uchangamfu zaidi kwa yule mwizi, na hoja yao ina uzito katika nusu saa ya kwanza. Lakini kadiri mwizi anavyomezwa na Shingen, ndivyo ukakamavu wa Nakadai unavyofaa. Tazama mkono wake anapojifunza kupapasa masharubu kama marehemu: mwanzoni ni mzaha, katikati ni kazi, mwishoni mkono unakwenda wenyewe.

15. Filamu ilipigwa wapi?

Sehemu za ngome zilipigwa katika ngome halisi, zikiwemo Himeji, Kumamoto na ile ya Iga Ueno. Vita vya mwisho vilipigwa Hokkaido, kaskazini, ambako kulikuwa na uwanda mpana usio na nyaya za umeme wala paa za kisasa.

16. Farasi wanaoonekana wakigaagaa mwishoni waliuawa kweli?

Hapana. Madaktari wa mifugo waliwapa dawa ya kuwalaza, na kamera zikafanya kazi katika muda mfupi kabla hawajaamka. Unapomwona farasi akijaribu kuinua shingo na miguu ikimkatalia, huyo anazinduka kutoka katika usingizi wa dawa.

Hata hivyo, kwa viwango vya leo kuwalaza kwa dawa farasi wengi kiasi kile kwa ajili ya picha kungezua maswali mazito, na mtazamaji anayeona vigumu kulivumilia onyesho hilo ana haki yake.

## Maswali ya waliokwisha kuitazama

17. Kwa nini filamu inaanza na watu watatu waliokaa tu kwa dakika nyingi?

Onyesho hilo lina urefu wa dakika sita hivi na kamera haisogei hata kidogo. Wamekaa Shingen, mdogo wake Nobukado na mwizi, wote wamevaa sawa, nyuso tatu karibu moja. Nakadai ni Shingen na ni mwizi kwa wakati mmoja, na kamera isiyosogea ndiyo iliyowezesha kuunganisha picha mbili bila mshono kuonekana.

Lakini sababu kubwa ni maneno. Mwizi, aliyekwisha kukata tamaa, anamwambia Shingen kwamba yeye aliiba visarafu, wakati mtawala ameua watu wasiohesabika ili aibe nchi. Shingen hakasirishwi. Anakubali kwamba ni mwovu, kisha anaeleza kwa nini ataendelea. Kila kitakachofuata kinaukagua mjadala huo, na asiyeusikiliza vizuri atadhani filamu inamtukuza Shingen.

18. Kwa nini hatuoni watu wakiuawa Nagashino?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalonigusa zaidi. Kikosi cha upepo kinaondoka kwa kishindo. Tunawaona wapiga bunduki nyuma ya uzio wakifyatua. Kisha, badala ya kuona risasi zinawapata nani, tunaonyeshwa nyuso za Katsuyori na watu wake wakitazama. Kinafuata kikosi cha msitu. Bunduki, halafu nyuso. Kinafuata cha moto. Bunduki, halafu nyuso, na sasa waliokuwa wamekaa wameinuka vitini.

Filamu nyingi za vita hutupatia damu, nasi tukaiita ushujaa. Hapa tumenyimwa ushujaa. Tunachopewa ni watu wenye mamlaka wakiona matokeo ya amri yao, na baada ya hapo uwanja wenyewe: farasi, maiti, majeruhi wanaojaribu kusimama, tarumbeta ya mtunzi Shin'ichiro Ikebe ikilia juu yao, na hakuna anayezungumza. Waliolalamika kwamba Kurosawa aliwaficha vita waitazame tena sehemu hii bila haraka, kwa kuwa hesabu yake ndiyo vita.

Kuna tukio la mapema linalotayarisha hili. Usiku wa ngome ya Takatenjin, kivuli ameketi kilimani gizani huku vijana wanaomlinda wakijipanga mbele yake kuzuia risasi kwa miili yao. Wanakufa mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya mtu ambaye baadhi yao wanajua si Shingen. Yeye anatetemeka, lakini hasogei, kwa kuwa mlima hausogei (tazama swali la 7).

19. Aligunduliwaje, na kwa nini alijaribu kupanda farasi wa marehemu?

Farasi wa Shingen hakukubali kupandwa na mtu mwingine, na majemadari walimwonya kivuli asimkaribie. Akampanda, akaangushwa, na masuria waliokimbilia kumhudumia wakaona mwilini mwake hakuna kovu la jeraha alilolipata Shingen katika vita dhidi ya Uesugi Kenshin, mtawala aliyekuwa hasimu wake. Alidanganya jeshi, wapelelezi na mjukuu, mnyama hakudanganyika. Sababu ya kumpanda ni kwamba siku hiyo, kwa kitambo kifupi, aliamini kweli kuwa yeye ni Shingen.

Anafukuzwa wakati wa mvua, akitupiwa mawe, huku mtoto akibaki bila babu kwa mara ya pili.

20. Filamu ilipata tuzo gani?

Ilishiriki tuzo kuu ya Cannes, Palme d'Or, ya mwaka 1980 pamoja na *All That Jazz* ya Bob Fosse. Ilipata pia César ya filamu bora ya kigeni nchini Ufaransa na tuzo ya BAFTA ya uongozaji nchini Uingereza, na iliteuliwa kwa Oscar mbili.

21. Nianze na hii au na *Ran*?

Anza na hii. *Ran*, filamu nyingine ya Kurosawa ya mwaka 1985, ni kubwa zaidi kwa rangi na kwa huzuni, lakini *Kagemusha* inakufundisha kuisoma: vikosi vilivyotofautishwa kwa rangi, ngome kama wahusika, kamera inayotazama kutoka mbali.

22. Mwishoni kivuli anakimbilia nini majini?

Baada ya vikosi vyote kuangamia, mtu aliyefukuzwa, asiyedaiwa chochote na ukoo huo, anaokota mkuki na kuukimbilia uzio peke yake. Anapigwa risasi. Anajikokota hadi mtoni, ambako bendera yenye maneno ya upepo, msitu, moto na mlima imelala chini ya maji. Ananyoosha mkono kuielekea na haifikii. Maji yanamchukua, mwili wake unapita juu ya bendera na kwenda zake, na bendera inabaki pale ilipo.